Jumapili Niliyopanda Mpaka

Mwizi anaogopa nini?

Mama aliniuliza swali hilo akiwa ameinamia sufuria ya maharagwe, bila hata kunitazama, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Nilikuwa nimerudi Malaba miezi minne tu, na shahada ya sosholojia ambayo hakuna mtu mpakani aliyekuwa ameiomba. Nilianza kumweleza kwamba inategemea ni mwizi gani, katika mazingira gani, na kwamba wataalamu wenyewe hawakubaliani. Alifunika sufuria. Akasema kumbe miaka yote ile nilikuwa ninasomea kusema sijui, akanituma makaa.

Swali lenyewe halikuwa la mchezo. Hoteli ya mama ni ya mabati, meza sita na jiko nyuma, na iko mwisho wa kichochoro kinachoanzia barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Foleni ikikaa vibaya, dereva hulala humo siku mbili, tatu. Mtu aliyekaa siku tatu kwenye kiti cha lori hataki mambo mengi. Anataka kunawa, anataka ugali wa mtama na kuku wa kienyeji, na anataka kuambiwa pole na mwanamke mzee. Vyote hivyo mama alikuwa navyo. Tatizo lilikuwa kichochoro.

Kilikuwa na ukuta huku na ukuta kule, nyasi za kufika magotini, mtaro uliojaa chupa, na vilima vya taka ambavyo vilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wapangaji. Simu zilinyakuliwa mchana kweupe. Kijana alitokea nyuma ya taka, akachomoa, akapotelea kwenye nyasi, na mwenye simu akabaki ameshika hewa karibu na sikio. Madereva wakaacha kuja. Wakawa wanakula roleksi kando ya barabara, ile chapati ya kuviringishia mayai, mkono mmoja ukiwa umebana mfuko. Hata dereva mmoja wa tangi la mafuta, mtu wa pwani aliyekula kwa mama tangu niko shule ya msingi, alinyakuliwa simu ya pili akaja kuaga. Alimwambia mama, kwa Kiswahili chake cha kunyooka, kwamba kuku wake ni mtamu lakini si mtamu kiasi cha simu mbili.

Wiki hiyo mama alimpigia mjomba wangu aliye Moding. Aje na pikapu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, apakie meza, majiko na masufuria, na mama mwenyewe arudi nyumbani kulima. Alisema hivyo kwa utulivu ulionitisha, kwa sababu mama na jembe hawapatani. Alilitoroka akiwa na miaka kumi na tisa, na husimulia kutoroka huko jinsi wengine wanavyosimulia siku waliyookoka. Kumwona akikubali kulirudia ilikuwa kama kumwona mtu aliyeokoka akiingia baa na kuagiza.

Ndipo redio ikaleta maneno yake. Jioni moja mtu fulani alieleza kwamba mtaa ukisafishwa, ukapandwa miti na maua, wizi hupungua. Mama akaongeza sauti. Mimi nikaongeza yangu. Niliuliza ua linamzuia mwizi vipi, linamchoma? Niliuliza kama si kweli kwamba mitaa yenye maua ni mitaa ya wenye nacho, na wenye nacho huajiri mlinzi, kwa hiyo anayefukuza mwizi si ua bali ni mzee mwenye rungu aliyesimama nyuma ya ua. Niliuliza mengi. Mama alingoja nimalize, akasema, "Wewe panda. Ikikataa, nitajua ulisoma."

Sijui kama kuna kitu kitamu kwa mtu mwenye shahada na asiye na kazi kuliko nafasi ya kumshinda mamake kwa ushahidi. Nilikubali papo hapo. Ningepanda, wezi wangeendelea kuiba, na ningekuwa nimethibitisha jambo.

Nilianza kwa kwenda Busia, ambako kina mama kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, huuza miche karibu na soko. Niliyemchagua alitaka kujua maua ni ya harusi au ya kaburi. Nilipomwambia ni ya kufukuza wezi aliwaita wenzake waje wasikie. "Nyabo," akaniambia, yaani bibie kwa Kiganda, akipangusa machozi, "sisi kwetu kufukuza mwizi tunapanda mbwa." Aliniongezea mche mmoja bure kwa kumfurahisha. Nikarudi na miche kumi na miwili ya maua ya manjano, nikaipanda kichochoroni kabla ya giza. Asubuhi nikakuta mbuzi wa jirani amekula kumi na mmoja, na wa kumi na mbili ameuachia heshima ya kuukanyaga tu.

Kwa hiyo nilihitaji kitu cha bure, kisichokufa, kisicholiwa na mbuzi. Nikapanda boda hadi Moding. Mjomba hakuwepo, alikuwa amekwenda Kocholia kumwona mgonjwa hospitalini, na sikuona haja ya kumngoja. Kwenye ukingo wa shamba lake kulikuwa na safu ya mimea mizuri ajabu: imesimama kama askari, majani marefu ya kijani kibichi yamechanua juu kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Mbuzi walikuwa wanaipita kana kwamba hawaioni. Nilimuuliza mtoto wa jirani kama inashika ukikata tawi na kulichomeka ardhini. Akasema hiyo hata ukiitupa barabarani itashika. Nikakata vichwa vya mstari mzima, nikajaza magunia mawili.

Ni lazima nieleze ujinga wangu, la sivyo sehemu inayofuata haitaaminika. Nililelewa Malaba, kati ya injini na mabati. Nikaenda shule ya bweni, kisha chuo kikuu. Shamba nililijua kama mahali pa kula kuku Krismasi. Ningeweza kukueleza nadharia tano kuhusu umiliki wa ardhi, lakini sikuwa nimewahi kumuuliza mtu yeyote kwa nini mimea ile imepandwa kwa mstari, na kwa nini mstari ule umeishia pale hasa ulipoishia.

Nilipanda Jumapili asubuhi. Kichochoro kilikuwa kitupu kwa sababu wote walikuwa kanisani, Wakatoliki huku na Waanglikana kule, na mimi wakati huo nilikuwa na maswali kwa Mungu ambayo bado hakuwa ameyajibu. Nilitaka kazi iwe safi, mtu asije akasema maua yalishindwa kwa sababu nilipanda ovyo. Nikatafuta vigingi. Nikavuta kamba ya manila kutoka mwanzo wa kichochoro hadi mwisho, upande huu na upande ule, nikapanda nikifuata kamba. Nikamwagilia. Nikakaa kwenye kizingiti cha hoteli kuangalia, na lazima nikiri kwamba ilipendeza. Mistari miwili ya kijani, iliyonyooka kama rula.

Wa kwanza kurudi alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye vyumba vya kupangisha upande wa kushoto, akiwa na suti ya kahawia na Biblia kwapani. Alisimama. Aliangalia mimea, akaangalia kamba, akaangalia vigingi, kisha akaniangalia mimi niliyeshika nyundo.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Nikasema hakuna aliyenituma, nimependa tu.

"Hakuna mtu hupanda hii kwa kupenda."

Kabla sijajibu alitokea mjane wa upande wa kulia, mwenye yule mbuzi na mwenye ua ambamo watu hunywa ajono, ile pombe ya wimbi inayonyonywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Yeye hakuniuliza kitu. Alizungumza na mwalimu, akiwa ameshusha mkoba chini kabisa kama mtu anayejiandaa kupigana.

"Mwalimu, umeanza lini kunipimia?"

"Mimi nilikuwa kanisa, mama. Saa hizi ndio natoka."

"Si ndio sababu umetuma mtoto ya watu."

Mama alifika akawakuta hapo. Alitazama kazi yangu, akafumba macho, akanivuta kando. Kwa sauti ya chini, ya huruma karibu, alinieleza kwamba hilo si ua. Huo ni mmea wa mpaka. Kwao Moding, na kwa Wateso na Waluhya wote aliowajua, ukipanda huo umesema mbele ya watu na mbele ya waliokufa kwamba shamba langu linaishia hapa. Na mimi nilikuwa nimesema hivyo mara arobaini na kitu, pande zote mbili, kwa kamba.

Nikasema basi, si nitang'oa. Watu watatu walisema hapana kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara ya mwisho walikubaliana kitu kwa wiki mbili. Kupanda mpaka, mama akanieleza, ni maneno, na maneno yanaweza kujibiwa. Kung'oa mpaka ni kesi. Lazima waitwe wazee wa pande zote, na lazima awepo aliyeshuhudia ukipandwa. Sasa, nani alishuhudia? Wote walinigeukia. Shahidi alikuwa mmoja, na alikuwa amevaa suruali ya kulalia.

Mwalimu akasema kesho analeta mpima ardhi. Mjane akasema yeye analeta wake leo leo. Mama akasema chakula kiko tayari kwa anayetaka kula.

Hakuna mpima ardhi aliyekuja, si leo si kesho. Vilivyokuja ni viti. Jumatatu asubuhi mwalimu alitoa kiti chake cha mkono nje ya lango, akakaa na gazeti, akilishusha kila baada ya mstari kuhakikisha hakuna mmea uliotembea. Mjane alipoona hivyo alihamisha chungu cha ajono kutoka ndani ya ua akakiweka mbele, kando ya kichochoro, na wanywaji wake saba wakahama nacho. Tangu saa nne asubuhi watu saba walikuwa wamekaa pale na mirija mdomoni, wakitazama kichochoro kama watu wanaotazama mpira.

Halafu mwalimu akafyeka nyasi upande wake, kwa sababu zilikuwa zinaficha mashina. Mjane akafyeka zake, zaidi kidogo. Mjane akaondoa taka zote, maana nyuma ya taka mtu angeweza kusogeza mmea bila kuonekana. Mwalimu akazibua mtaro. Mwalimu akaweka taa langoni. Mjane akaweka mbili. Mwalimu akapanga mawe kando ya mstari wake na kuyapaka chokaa, ili kila mtu aone unapopita. Mjane akaokota matairi mabovu ya malori, akayapaka rangi ya manjano, akayajaza udongo na maua mekundu ambayo sijui jina lake mpaka leo, akayapanga kwenye mstari wake. Walipamba kwa hasira. Sijawahi kuona watu wakimwagilia maua wakiwa wamekunja uso namna ile. Mbuzi alifungwa kamba kwa mara ya kwanza maishani mwake, na alilia mchana kutwa kama mtu aliyedhulumiwa urithi.

Na simu zikaacha kunyakuliwa. Nilikuwa na daftari, nikiandika kila tukio, na daftari likawa tupu siku tatu, nne, tano. Hili lilinikera. Je, ni maua? Au ni viti? Au ni mirija saba inayotazama? Au wezi wamechukua likizo? Nilijua kutoka chuoni kwamba huwezi kusema dawa imeponya bila kumtazama mgonjwa ambaye hakupewa. Nilihitaji kichochoro cha kulinganisha, kichafu, kisicho na maua wala kesi. Nikakipata nyuma ya maghala. Nikakaa juu ya tofali na daftari langu.

Haikupita nusu saa kijana mmoja nadhifu akaja akachuchumaa kando yangu. "Dada, unaandika nini hapa?" Nikamwambia ninachunguza wizi. Alipendezwa kweli. Aliniuliza nitajuaje kama wezi wamepungua au wamehama tu, swali ambalo mhadhiri wangu hakuwahi kuniuliza. Aliniuliza kama wizi unaoshindwa nao ninauandika. Tuliongea kwa raha sana. Alipoondoka nilikuwa nimeandika ukurasa mzima, na simu yangu haikuwepo.

Nilikwenda kuhesabu wizi nikarudi nikiwa hesabu. Mama aliposikia alikaa juu ya gunia la makaa, akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka tangu ampigie mjomba.

Lakini kucheka hakujazi meza. Kichochoro kilikuwa kimekuwa salama na madereva hawakujua. Zilikuwa zimebaki siku nne pikapu ije, na mama alikuwa ameanza kufunga vikombe kwenye magazeti. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba nikishinda ubishi wangu, zawadi yangu itakuwa kumtazama akishika jembe. Nikaacha daftari. Nikaenda kwenye foleni, nikawa ninagonga milango ya malori moja moja, nikitangaza kitu ambacho mwenyewe sikukiamini: njooni, kichochoro kimepandwa maua, hakuna wizi.

Walinicheka kwa lugha nyingi. Mmoja aliniuliza kama maua hayo yana bunduki. Turniboi mmoja, msaidizi wa dereva, akasema, "Siste, hiyo ni fiksi, na ni fiksi safi." Alhamisi nikampata yule dereva wa tangi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akasema, "Binti yangu, nimebeba mafuta miaka ishirini. Sijapata kusikia ua likamkamata mtu." Nikamwambia nitatembea naye mwenyewe. Nikamwambia mama anafunga Jumamosi. Hapo akashuka.

Tuliingia saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelalia matairi ya manjano. Alikuwa ameshika simu kifuani kwa mikono miwili. Alipiga hatua kumi, akapunguza mwendo. Aliona chokaa, aliona maua mekundu, aliona mwalimu kwenye kiti na wanywaji kwenye mirija. Uso wake ukalegea. Akasema hata kwao pwani kichochoro kama hiki hakuna. Akainua simu juu apige picha.

Na ikaenda.

Kijana alitokea nyuma yetu, kutoka barabarani, mgeni asiyejua habari za kichochoro. Alichomoa simu, akageuka, akaruka mawe ya mwalimu vizuri kabisa, akajikwaa kwenye tairi la mjane na kuanguka kifudifudi. Alipoinuka alikuwa na mmea mmoja mkononi na mingine miwili imelala chini yake, mizizi juu.

Mirija saba ilitoka midomoni. Hakuna aliyesema mwizi. Mwalimu alisimama upande wake, mjane akasimama upande wake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile walitembea kuelekea mahali pamoja. Kila mmoja akamshika kijana mkono mmoja.

"Nani amekutuma?" mwalimu akauliza.

Kijana akanyoosha simu. Mwalimu aliichukua, akampa dereva bila kumtazama, kama mtu anayeondoa kikombe ili afungue karatasi mezani.

"Simu si shida. Mpaka ulikuwa unasogeza kwenda wapi?"

"Mzee, mimi naiba simu tu. Mambo ya shamba sijui."

"Hivyo ndio mtu ametumwa husema," mjane akasema.

Wakampigisha magoti apande upya. Alichimba kwa vidole, akauliza hapa? Mwalimu akasema rudisha kidogo. Akarudisha. Mjane akasema hapo umeingia kwangu. Akasogeza. Wanywaji wakaacha chungu wakaja kusimama nyuma yake, wakagawanyika, wanne kwa mjane na watatu kwa mwalimu, kila mtu akikumbuka mmea ulikuwa wapi. Niliitwa mimi, shahidi. Nikasema nilikuwa nimepima kwa ndara yangu, ndara nne kati ya mmea na mmea. Wakanivua ndara. Mwalimu akaipima, mjane akaipima upya, na kijana akawa anaishika pale upande mwingine, jasho likimtoka, akisaidia. Dereva wa tangi alikuwa ameegemea ukuta, simu yake mkononi, amesahau kama ilikuwa imeibwa.

Ilichukua karibu saa nzima. Walipomaliza, mwalimu alitoa kalamu akamuuliza kijana jina lake, la babake, la babu yake, na ukoo. Kisha akamwambia arudi Jumatatu saa tatu, wazee watakaa, na yeye ni shahidi wa pili. Na kama kesi itaendelea, atakuja Jumatatu nyingine. Kesi ya shamba, mjane akaongeza kwa upole, inaweza kuchukua hata miaka kumi, lakini atakuwa anapewa chai.

Kijana aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. "Si mnipeleke tu polisi," akasema.

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye, mezani kwa mama, alikula sahani mbili na kuanza kucheka upya katikati ya mfupa. Alipomaliza kunawa aliwapigia wenzake kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, akiwasimulia kila mmoja toka mwanzo. Ijumaa nusu ya meza zilijaa watu waliokuja kuona mpaka. Jumamosi saa sita hapakuwa na pa kukaa. Madereva walitembea kichochoroni polepole, mikono nyuma, wakikwepa mimea kwa heshima kubwa, na wanywaji wa ajono wakawa wanawaonyesha mahali hasa kijana alipopiga magoti.

Mjomba akafika na pikapu yake katikati ya fujo hiyo. Hakuingia hotelini kwanza. Alisimama mbele ya mstari wangu muda mrefu, akainama, akashika jani. Ikajulikana kwamba wiki mbili hizo alikuwa amekuta mpaka wake umekatwa vichwa, amemshitaki jirani yake, wazee wamekaa mara mbili, na mbuzi amechinjwa. Jirani alikuwa ameapa kwa watoto wake. Mama alisimulia ukweli kwa niaba yangu kupitia dirisha la jikoni, akiendelea kugeuza chapati, na mimi nikajificha nyuma ya jokofu la soda. Mjomba hakugomba. Aliomba chakula. Kwa kuwa viti vilikuwa vimeisha, alikula juu ya boneti ya pikapu, polepole, akitikisa kichwa kila anapomeza.

Aliporudisha sahani alimuuliza mama aanze kupakia meza zipi.

"Meza gani?" mama akasema, na hakuinua macho kutoka kwenye chapati.

Jumatatu kijana hakuja. Mwalimu alikuwa amevaa suti na kupanga viti, na aliudhika sana. Hakuja yeye na hakuja mwizi mwingine yeyote. Habari ilikuwa imetembea, ikaongezewa chumvi njiani, na nilisikia ikisimuliwa Busia kwamba Malaba kuna kichochoro ambako ukiiba unapewa shamba kwa nguvu. Wazee walikaa bila shahidi wa pili, wakanywa ajono ya mjane, wakaahirisha. Wameahirisha mara nyingi tangu hapo. Mimea imeshika, imenipita kimo, na vichwa vyake vinakutana juu ya njia na kutia kivuli mchana kukiwa na jua kali. Mwalimu na mjane sasa husalimiana, lakini hakuna anayeingiza kiti ndani kabla ya mwenzake.

Mimi niliendelea kuuliza, kwa mdomo na kwenye daftari jipya, nini hasa kilichofanya kazi. Kijani? Usafi? Macho? Ugomvi? Na kwa nini watu wawili walioapa kuleta wapima ardhi hawakumleta hata mmoja? Mama aliniambia kuna maswali ya kuuliza na kuna maswali ya kupika.

Miaka kadhaa baadaye, nikimtafutia mama karatasi za hoteli, niliomba kuona ramani ya eneo letu kwenye ofisi ya ardhi. Karani alinikunjulia. Kichochoro chetu hakimo. Pale kilipo kuna barabara ya umma, pana ya kutosha malori mawili kupishana, na vyumba vya mbele vya mwalimu viko ndani yake, ua wa mjane uko ndani yake, na jiko la mama liko katikati kabisa ya barabara hiyo. Nilipoomba nakala, karani alinipa daftari la waliowahi kuichukua ramani ile, nitie sahihi. Juu ya jina langu yalikuwepo matatu, yote ya miaka mingi kabla sijapanda kitu chochote: la mwalimu, la mjane, na la tatu lilikuwa kwa mwandiko wa mama.